Moto wa Manjano

Ijumaa, 1 Desemba

Nimenunua daftari kwa sababu nyumba hii ina watu watatu zaidi yangu na hakuna hata mmoja anayestahili kusikia ninachofikiri. Nimefundisha kemia shule ya wasichana hapa Pindi kwa miaka thelathini na moja. Nimestaafu, na sasa nakaa chumba cha mwisho wa ukumbi katika nyumba ya mdogo wangu Inayat, ambaye tangu azaliwe hajamaliza kusoma karatasi yoyote isiyokuwa ya kriketi. Mkewe, wifi yangu Shamim, husoma nyuso za majirani. Mwana wao Taimur hasomi kitu. Wiki ijayo anaoa.

Baridi imeingia na mgao wa gesi ya bomba umeanza. Gesi huja alfajiri, adhuhuri na jioni, kama mgeni anayevizia chakula.

Jumatatu, 4 Desemba

Vyombo vya bi harusi vimefika kutoka kwao Gujranwala. Kitanda, friji, mashine ya kufulia, mablanketi kumi na saba, na juu kabisa, kimefungwa utepe mwekundu, kisanduku cheupe chenye vitobo: hita ya maji ya gesi. Shamim aliwaita majirani.

"Hita! Unafungua bomba, inajiwasha yenyewe! Kiberiti hakuna, kusubiri hakuna!"

Majirani waliipapasa kama ndama. Baba wa bi harusi ana duka la vyombo vya jikoni, kwa hiyo huenda ilikuwa imekaa ghalani tangu mwaka juzi. Nilisema hivyo. Hakuna aliyecheka.

Jumatano, 6 Desemba

Leo ni siku ya kuandika kwa urefu, maana nimekasirika.

Fundi Yaqub amekuja kufunga hita katika bafu jipya la maharusi, chumba ambacho nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Nikamwambia: kitu hiki kinatundikwa nje, ukuta wa uani, na maji ya moto yaingie ndani kwa bomba.

Shamim akaruka. "Nje? Zawadi ya bi harusi niitundike nje kama kizimba cha kuku? Baba yake akija aikute inanyeshewa? Wifi, wewe hukuolewa, haya huyajui."

Sawa, sikuolewa. Nikasema basi ibaki ndani, lakini toboa ukuta, weka dohani. Bomba la kutolea moshi limo ndani ya boksi, la bati, linang'aa, waliotengeneza hita hawakuliweka kwa mapambo.

Taimur akashika kichwa. "Shangazi, vigae hivi vimetoka mbali! Kikipasuka kimoja hakipatikani tena Pindi nzima."

"Na ukipasuka wewe?"

"Shangazi nawe! Hebu tuache tuoe."

Fundi Yaqub akajifuta mikono kwenye suruali. "Mwalimu, mimi nimefunga hita mia mbili. Hakuna hata mtu mmoja aliyerudi kulalamika."

"Maiti halalamiki," nikamwambia.

Akacheka sana, akawasimulia tena wenzake kwa simu huku anafunga nati. Huyo ndiye fundi wetu.

Dohani limeachwa uani. Shamim ameona linafaa kuinulia kamba ya nguo.

Kisha dirisha. Liko juu, dogo, linatazama paa bapa la jirani ambako vijana wawili, Haris na nduguye, hurusha vishada kutwa nzima. Shamim amelibandika nailoni, juu yake magazeti, juu yake selotepu.

"Nikae niwaache wale wahuni wamchungulie mke wa mwanangu akioga? Hata Ijumaa hawaendi kuswali!"

"Dirisha liko futi saba kutoka chini, wifi."

"Vijana wa siku hizi warefu."

Nilichoweza kufanya nimefanya. Nilikoroga sabuni, nikapaka povu kila kiungo cha bomba la gesi, na kiungo cha pili kikatoa mapovu. Nikamlazimisha Yaqub akaze upya hadi pakatulia. Hakuna aliyesema ahsante. Nikaandika karatasi na kuibandika mlangoni: fungua dirisha kabla ya kuwasha, usiweke komeo, usizidishe dakika kumi, mgao ukianza funga koki ili gesi isirudi hita ikiwa imezimika.

Jioni karatasi haikuwepo. Shamim amesema wageni wangedhani wameingia shule. Inayat akaja chumbani kwangu na kikombe cha chai, alama ya kwamba ametumwa. "Dada, si kila mahali ni darasani."

Nimesema. Sitasema tena. Sikuajiriwa hapa.

Jumamosi, 9 Desemba

Arusi. Kelele. Wali ulikuwa na mchanga.

Jumatatu, 11 Desemba

Bi harusi anaitwa Ramsha. Umri ishirini na mbili, sauti ndogo, kucha ndefu. Amesoma hadi darasa la kumi na mbili, "masomo ya sanaa," akaniambia, kama anayeomba radhi. Ilimpasa kuomba.

Alhamisi, 14 Desemba

Anaoga kila alfajiri. Mambo ya josho la bi harusi si ya kuandika, na katika nyumba hii si ya kutamka. Anatoka bafuni na taulo kichwani, na kila mtu ghafla anaona kitu cha kuvutia ndani ya kikombe chake cha chai.

Ijumaa, 15 Desemba

Ramsha anaumwa kichwa. Ameachiwa unga akande, hajakanda.

Jumatatu, 18 Desemba

Kichwa tena. Shamim anampaka mafuta ya mlozi na kumwita "mwanangu". Mimi nilipoumwa nyonga mwaka jana niliambiwa nisikae sana.

Jumatano, 20 Desemba

Gesi imekatika kabisa tangu jana, mtaa mzima. Tunakula mikate ya dukani na hakuna anayeoga. Cha ajabu bi harusi leo mzima kama kigori. Amemenya machungwa ya watu wote, ameimba, ameniuliza habari za shule yangu, kama niliwahi kumchapa mwanafunzi. Kichwa hakimuumi pale ambapo hakuna unga wa kukanda. Naona sasa ni mtoto wa namna gani.

Ijumaa, 22 Desemba

Gesi imerudi. Kichwa nacho kimerudi. Nimemwambia Shamim kwamba nimefundisha wasichana elfu kadhaa na ugonjwa huu naufahamu. Hutokea kabla ya mtihani.

Jumanne, 26 Desemba

Ukungu mzito, jua halikuonekana.

Nilikuwa ukumbini nimefunika magoti. Ramsha akaja, macho mekundu, akasimama mbele yangu anavutavuta ncha ya mtandio.

"Shangazi, nikuulize kitu? Wewe si ulikuwa mwalimu wa sayansi?"

"Bado ni mwalimu wa sayansi. Haitoki kwa sabuni."

"Ile hita. Siku za kwanza moto wake ulikuwa wa bluu. Sasa umekuwa wa manjano. Kwa nini?"

Nikamtazama. Miezi yote hii hakuna mtu katika nyumba hii aliyeniuliza swali la sayansi, na la kwanza ni rangi. "Muulize baba yako aliyeinunua," nikamwambia. "Au labda imeona arusi, nayo imejipaka manjano."

Akacheka kidogo, kwa adabu, akaondoka. Masomo ya sanaa.

Jumatatu, 1 Januari

Baridi. Soksi mbili.

Jumatano, 3 Januari

Ramsha ametapika baada ya chai ya asubuhi. Shamim alidondosha sinia. Nilimwona usoni, alikuwa ameshapiga hesabu ya miezi na kuchagua jina.

Ijumaa, 5 Januari

Ladu tamu za kutangaza mimba zimesambazwa mtaa mzima. Kilo nane. Kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa, usingizi mchana: Shamim anataja dalili kwa majirani kama anayeimba. Nilishauri apimwe kwanza. "Tusimtie jicho," akanijibu, akiniangalia jicho langu. Yule msichana alikaa katikati ya wanawake, kichwa chini, na ladu mkononi haikuliwa. Nadhani anajivuna.

Jumanne, 9 Januari

Shamim amesugua kigae cha juu ya hita kwa magadi. Anasema ukuta wa bafu unashika weusi na kwamba Ramsha si msafi.

Jumatatu, 15 Januari

Ramsha alikwenda kwao Gujranwala siku nne, amerudi jana. Uso umejaa, mashavu mekundu, anacheka. Nimemwambia Inayat: huko kwao hakuna kazi, umeona? Inayat akageuza karatasi ya kriketi.

Jumatano, 17 Januari

Kichwa. Bila shaka.

Alhamisi, 18 Januari

Kichwa. Taimur naye kinamgonga, ila yeye amemeza vidonge akaenda kazini. Mwanamume, hata mpumbavu, hulalamika kidogo.

Jumamosi, 20 Januari

Nitaandika jinsi ilivyokuwa jana.

Ijumaa adhuhuri gesi ilikuja mapema. Taimur alioga kwa ajili ya msikiti, robo saa nzima, akavaa, akaondoka na baba yake. Shamim alikuwa kwa jirani wa mkono wa kushoto. Ramsha akaingia bafuni. Mimi nilikuwa uani kwenye kipande cha jua, nabambua njegere.

Maji yalisikika yakimwagika. Nikamaliza bakuli la kwanza, yakawa yanamwagika. Bakuli la pili, bado. Nikaona ni ufedhuli, mtu mmoja anamaliza gesi ya mtaa mzima kwa kuosha nywele. Nikainuka. Lazima niliandike hili vizuri: niliinuka kwenda kumgombeza. Sikwenda kwa sababu nyingine yoyote.

Nikagonga. "Wewe! Unataka tupike kwa gesi gani?" Nikagonga kwa kiganja, nikamwita kwa jina, nadhani kwa mara ya kwanza. Maji tu. Komeo limewekwa ndani. Nikainama, na nyonga yangu, nikatazama uwazi wa chini ya mlango. Kwenye kigae chenye maji ulionekana mwanga wa ule moto ukicheza. Ulikuwa wa manjano.

Hapakuwa na harufu. Nilivuta pumzi nikitafuta harufu, kwa sababu mwezi mzima nilikuwa nalinda harufu, mimi na povu langu la sabuni. Sumu ya moto huu haina harufu, haina rangi, haina ladha. Nimeisema sentensi hiyo mbele ya ubao miaka thelathini na moja.

Nilikwenda kwenye mita nikafunga koki kuu. Nikarudi uani. Kamba ya nguo ilikuwa imeinuliwa na lile dohani, nikalichomoa, nguo zote zikaanguka matopeni, nikalipigia nalo dirisha la bafu. Pigo la kwanza halikufika. La pili likavunja kioo, lakini magazeti na nailoni vikashika, na ikabidi nichome, nichome, nichane, huku vipande vinaniangukia kichwani. Nikasikia sauti yangu inapiga kelele.

"Mama! Kuna nini?" Wale vijana wa vishada walikuwa juu ya paa. Nilishukuru Mungu kwa vijana wasiokwenda kuswali Ijumaa.

"Mlango! Vunjeni mlango!"

Waliruka ukuta wote wawili. Haris alipiga bega mara tatu, komeo likang'oka. Kisha, nami sitalisahau jambo hili, kabla mlango haujafunguka wote, wale wahuni waligeuza nyuso zao ukutani bila kuambiwa. Nikawaambia wazibe pua na wasiingie. Nikavuta pumzi moja kubwa ya uani, nikaingia na blanketi lililoanguka na nguo.

Alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea vigae vilivyotoka mbali, maji yanampiga magotini. Midomo yake ilikuwa na rangi nzuri nyekundu, kama ya mtu aliyetoka kucheza juani. Darasani nilifundisha kwamba rangi ile ni ya aliyekufa kwa sumu hii. Nilimzungushia blanketi, nikamburuta kwa makwapa. Sikujua nina nguvu hizo. Vijana wakampokea wakiwa wameangalia juu, tukamlaza kwenye matope, kati ya nguo safi.

Hakuwa anapumua vizuri. Nilimpulizia kinywani. Nikampulizia tena. Haris alikuwa ameshaleta gari la baba yake mlangoni, bila viatu.

Jumapili, 21 Januari

Ramsha bado yuko hospitali, kwenye oksijeni. Amefumbua macho, amemwita mama yake, hakumjua Taimur.

Daktari ni Zohra, msichana niliyemfundisha, nikamwandikia kwenye ripoti kwamba hana akili ya sayansi. Aliniuliza maswali akiandika. Kichwa tangu lini? Kinapona akiondoka nyumbani? Mumewe naye? Moto wa hita ulikuwa na rangi gani?

"Manjano," nikasema.

Kalamu yake ikasimama. "Mwalimu, lakini ni wewe uliyetufundisha."

Hakusema kwa ubaya. Kwa ubaya ingekuwa nafuu.

Mimba haipo. Haikuwahi kuwepo. Shamim alilia ukumbini hospitali, akilia mjukuu, ladu na aibu pamoja, kisha akaninyooshea kidole mbele ya watu wote. "Ni jicho la huyu! Hajaolewa, hajazaa, hakuweza kuvumilia kuona furaha!" Wiki iliyopita ningemjibu vizuri sana. Hakukosea sana, alikosea tu namna jicho lilivyofanya kazi.

Jumatano, 24 Januari

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo, kwa kalamu nyekundu, kama nilivyokuwa nikisahihisha.

Gesi ipo, kichwa kipo. Gesi hakuna, anaimba. Anakwenda Gujranwala, anapona. Anarudi, kichwa. Masizi juu ya hita. Kila kitu nimekiandika kwa mkono wangu, na tarehe. Msichana wa darasa la tisa angeona. Nilikuwa na matokeo yote ya jaribio, na pembeni nikaandika: mvivu.

Na tarehe 26 Desemba aliniuliza. Katika nyumba ya watu watano, yeye peke yake ndiye aliyeutazama moto. Yule wa masomo ya sanaa.

Nilidhani kudharau watu ni aina ya akili. Nimeliandika hapa ili niweze kulisoma tena.

Jumanne, 30 Januari

Hita imehamishwa. Iko nje, ukuta wa uani, chini ya kipande cha bati, na dohani lililobonyea limenyooshwa na kuwekwa mahali pake. Nilimkataa Yaqub. Alikuja fundi mwingine, kijana mkimya, akaifungua, akatoa masizi na utando wa buibui mahali hewa inapoingilia, akaiwasha, akanionyesha: bluu. Dirisha la bafu halina kioo wala gazeti. Shamim alisimama mlangoni akitazama kigae kilichotobolewa kwa ajili ya bomba. Kimepasuka vipande viwili. Kisha akaenda kuweka chai, ya kwangu pia.

Jioni alipeleka chakula kwa wale vijana wa vishada. Sinia nzima, akafunika na kitambaa cha arusi.

Ijumaa, 9 Februari

Ramsha ameletwa na baba yake. Mikono yake inatetemeka, chai inamwagika kwenye kisahani, na baadhi ya maneno anayatafuta kabla ya kuyapata. Zohra anasema huenda itapungua, huenda isipungue. Baba yake ni mtu mnene mwenye aibu. Alikaa chini ya ile hita uani akaitazama kwa muda mrefu, nami nilitafuta la kumdharau nikakosa.

Alasiri Ramsha alikuja chumbani kwangu. Nikampa kiti. Alikuwa anavuta ncha ya mtandio, kama siku ile.

"Shangazi, nilijua kwamba sina mimba. Nilijua wiki ileile. Lakini ladu zilikuwa zimeshaliwa."

"Ungeniambia mimi."

Akaangalia daftari mezani, akaangalia mikono yake.

"Mwanangu," nikasema, na neno lilitoka kwa shida, "nilikukosea."

Alitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kukataa. Kisha akasema polepole, akikamata neno moja moja: "Lile swali langu. Hukunijibu. Kwa nini ulikuwa wa manjano?"

Nikamwambia. Gesi inahitaji hewa ili iungue yote, na ikiipata moto unakuwa wa bluu. Chumba kikizibwa, au tundu lake likishika vumbi, hewa haitoshi, inaungua nusu, moto unakuwa wa manjano, unaacha masizi, na ile nusu nyingine ni sumu ambayo pua haiioni. Ukiona manjano, zima, toka nje, ita fundi. Nilisema bila ubao, bila kupandisha sauti. Nilitazama saa ya ukutani nilipoanza na nilipomaliza. Hazikufika dakika mbili.

"Ni hivyo tu?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, ni hivyo tu.